Dubai Marina: fleti mbili, jengo moja, ukubwa mmoja, bei haziendani. Ya bei rahisi ina nini?

#1 Msafiri_wa_Kusi
Salaam wakuu. Kuna jengo moja Dubai Marina lina fleti mbili za chumba kimoja sokoni. Zote zimeandikwa futi za mraba 807 na zimepishana ghorofa mbili tu. Moja dirhamu 1,400,000, nyingine 1,190,000. Ni asilimia 15 hiyo. Matumizi yanayolengwa: familia wiki chache kwa mwaka, muda unaobaki ipangishwe kwa usiku. Dalali wa hiyo ya bei rahisi anasema tu "mwenye nyumba ana haraka". Wanaoijua Dubai tiririkeni.

#2 BahariNyeupe
Upande. Marina fleti mbili zinaweza kuwa mlango kwa mlango, moja inaangalia maji na nyingine inaangalia Sheikh Zayed Road, magari usiku kucha. Halafu usiamini picha ya dirishani. Muulize picha ilipigwa mwaka gani, maana minara mipya imesimama mbele ya mingi ya zamani. Omba namba ya fleti na ramani ya ghorofa, utajua inatazama wapi kabla hata ya kupanda ndege.

#3 Kibopa_wa_Mezani
Haraka ya dirhamu 210,000? Huyo hana haraka, anakimbizwa 😂

#4 Hatimiliki75
Kabla ya dirisha, uliza kitu kimoja: kuna mpangaji ndani?

Dubai mpangaji haondoki kwa sababu nyumba imeuzwa. Sheria namba 26 ya 2007, iliyorekebishwa na namba 33 ya 2008, kifungu cha 28: umiliki ukihama, mkataba wa mpangaji unaendelea na mwenye nyumba mpya. Na mkataba ukiisha bado humtoi hivi hivi. Kifungu cha 25(2) kinataka notisi ya miezi 12, ipitie kwa mthibitishaji wa umma au posta ya rejista, na iwe na mojawapo ya sababu zilizotajwa: kubomoa, ukarabati mkubwa usiowezekana mtu akiwa ndani, mwenye nyumba kuitaka kwa matumizi yake au ya ndugu wa daraja la kwanza, au kuuza. Ujumbe wa WhatsApp si notisi, na barua pepe si notisi.

Kwa hiyo fleti yenye mpangaji haina faida kwa mtu wa likizo kwa mwaka mzima au zaidi, ndiyo maana inashuka.

#5 Mama_Hesabu
Naongezea namba kwenye #4, kwa sababu tatizo si kusubiri tu. Tuseme mpangaji analipa 70,000 kwa mwaka na soko la fleti kama hiyo ni 100,000. Amri namba 43 ya 2013 ndiyo inayosema unaweza kupandisha kiasi gani:

kodi ikiwa chini ya soko kwa asilimia 10 au pungufu: hupandishi kitu
11 hadi 20: unapandisha 5
21 hadi 30: unapandisha 10
31 hadi 40: unapandisha 15
zaidi ya 40: mwisho 20

Huyu wa 70,000 yuko chini kwa asilimia 30, kwa hiyo unaenda 77,000 na si 100,000. Na lazima umjulishe siku 90 kabla mkataba kuisha, ukichelewa unasubiri mwaka mwingine. "Soko" hapo si maoni ya dalali, ni kipimo cha kodi cha Idara ya Ardhi ya Dubai, DLD, ambacho tangu Januari 2025 kinaangalia jengo lenyewe na si mtaa tu.

Mwekezaji anaona 70,000 kwenye nyumba ya 1,400,000, ni asilimia 5 kabla ya ada ya huduma, anakataa. Muuzaji anashusha hadi mtu akubali.

#6 Dalali_Mstaafu
Mnaenda mbali. Tangazo lenyewe mmelikagua? Kila tangazo halali la nyumba Dubai lina namba ya kibali cha Trakheesi, mfumo wa vibali wa DLD, na msimbo wa kuskani. Skani. Kisipofunguka, au kikifungua mali nyingine, hiyo 1,190,000 ni chambo: unapiga simu, unaambiwa "imeuzwa jana, lakini ninayo nyingine". Dalali naye ana namba yake ya usajili, inaangaliwa kwenye programu ya Dubai REST, bure.

#7 Msafiri_wa_Kusi
Asante #6, nimeskani zote mbili, ziko sawa. #4, tangazo la bei rahisi halisemi lolote kuhusu mpangaji. La bei juu limeandikwa "tupu wakati wa kuhamisha umiliki".

#8 Hatimiliki75
Umejijibu mwenyewe mkuu.

#9 BahariNyeupe
Hajajijibu. Kukaa kimya si ushahidi. Upande bado hatujaujua.

#10 PwaniMpakaGhuba
Na hizo futi 807 je? Hatimiliki za DLD zimeandikwa kwa mita za mraba. 807 ni mita 75. Swali ni 75 ya nini. Hati inatenganisha eneo la ndani na roshani. Moja inaweza kuwa 68 ndani na 7 roshani, nyingine 60 ndani na 15 roshani, na madalali wote wawili wakajumlisha. Omba nakala ya hati, gawa bei kwa eneo la ndani, ndipo ulinganishe. Ukiwa kwenye hati angalia na namba ya maegesho. Fleti isiyo na maegesho kwenye hati hutayapata baadaye kwa kumbembeleza mlinzi.

#11 MkopoKwanza
Mimi naona rehani. Muuzaji ana deni benki na bei inabana kwa sababu mnunuzi ndiye anayebeba usumbufu. Inavyokwenda: benki yake inatoa barua ya kiasi kilichobaki, ambayo ina muda wa kuisha. Wewe mnunuzi wa fedha taslimu unalipa deni lile kabla nyumba haijawa yako, rehani ya DLD inafutwa, benki inaachia hati, na hapo ndipo kampuni iliyojenga inatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ile NOC. Fedha zako zinakaa wiki kadhaa kwenye nyumba ya mtu. Wengi hawataki, kwa hiyo muuzaji anapunguza.

Kinga: usimpe muuzaji fedha mkononi. Fleti ifungwe rasmi kwa jina lako isiuzwe kwa mwingine, kwenye ofisi ya wadhamini wa usajili, zile zinazosajili mauzo kwa niaba ya DLD, hundi ya benki iandikwe kwa benki inayomdai, na kiasi kinachobaki iwe hundi nyingine kwa jina lake.

#12 Mama_Hesabu
#11, hilo halifiki 210,000. Adhabu ya kulipa mkopo mapema ina kikomo: asilimia 1 ya deni au dirhamu 10,000, ile iliyo ndogo. Muuzaji haangushi 210,000 kwa usumbufu wa wiki chache.

#13 MkopoKwanza
Anaangusha kama amekosa marejesho na benki imeanza kumwandikia. Tusibishane kwa kikokotoo tu, dada.

#14 Kibopa_wa_Mezani
Kikokotoo ndicho kilichobaki na akili kwenye uzi huu.

#15 WakiliKivuli
Narudi kwa #4, yuko sahihi ila ameacha sehemu inayomuuma mleta uzi zaidi kuliko miezi 12.

Mleta uzi anataka kutumia wiki chache na kupangisha kwa usiku. Akimtoa mpangaji kwa sababu ya "matumizi binafsi", kifungu cha 26 kinamkataza kupangisha nyumba ya makazi kwa mtu mwingine kwa miaka 2 tangu airudishe mikononi. Akiiweka kwa wageni wa usiku mwezi wa tatu, yule mpangaji anakwenda Kituo cha Migogoro ya Upangishaji kudai fidia, na ushahidi ni tangazo lako mwenyewe lenye picha za sebule aliyokuwa anakaa. Pia unatakiwa kuthibitisha huna nyumba nyingine inayofaa kwa matumizi hayo.

Sasa kwa mpango wake, hata mpangaji akitoka, hesabu ya mapato ya usiku inaanza baada ya miaka 3, na si mmoja.

#16 Msafiri_wa_Kusi
Duh. Na kama muuzaji alishampa notisi ya kuuza kabla mimi sijaja, naitumia hiyo?

#17 Hatimiliki75
Ndiyo, notisi inafuata nyumba. Ilitolewa kwa sababu ya kuuza, nyumba imeuzwa, tarehe ikifika anatoka.

#18 WakiliKivuli
Taratibu. Hapo Kituo chenyewe hakijawa na sauti moja. Kuna maamuzi yaliyomkubalia mnunuzi kurithi notisi, na kuna yaliyosema notisi ni ya aliyeitoa, mmiliki mpya aanze upya na sababu yake. Ubishi mwingine ni miezi 12 inahesabiwaje: wengine tangu siku mpangaji alipopokea, wengine wanataka tarehe ya kutoka isiangukie katikati ya mkataba ulio hai, kwa sababu kifungu kinasema "mkataba unapoisha". Mtu anayekuuzia kwa maneno "notisi imeshatolewa, usijali" anakuuzia kesi.

#19 Hatimiliki75
Kesi nyingi hazifiki huko. Mpangaji akiona notisi ya mthibitishaji na mmiliki mpya, anajadiliana.

#20 WakiliKivuli
Anayejadiliana ni asiyejua haki yake, ndugu yangu. Na Marina wanazijua.

#21 Dalali_Mstaafu
Njia ya kati ipo. Kwenye Fomu F, ule mkataba wa mauzo wa DLD, andikeni sharti: fleti iwe tupu siku ya kuhamisha, na isipokuwa tupu mnunuzi anarudishiwa hundi yake ya dhamana, ile ya asilimia 10 ya bei. Hapo muuzaji ndiye anamlipa mpangaji aondoke kwa hiari. Wasaini makubaliano, na Ejari, ule usajili wa mkataba wa upangaji, ifutwe kabla ya kwenda kuhamisha. Ejari ya zamani ikibaki hai, huwezi kusajili mpangaji mwingine, na akaunti ya umeme na maji ya DEWA inabaki kwa jina la yule yule.

Kama unanunua na mpangaji wake, basi siku ya kuhamisha udai vitu viwili: kodi ya siku zilizobaki aliyokwisha lipwa muuzaji, na amana ya mpangaji. Watu wanasahau amana. Mpangaji akiondoka anaidai kwako, si kwa aliyeuza.

#22 FundiKiyoyozi
Wote mmeruka ubaridi. Minara mingi ya Dubai inapozwa kwa maji baridi ya kampuni ya nje. Bili ina sehemu mbili: matumizi, na ada ya uwezo inayohesabiwa kwa tani za ubaridi zilizopangiwa fleti. Hiyo ya pili unalipa hata kama mlango umefungwa miezi 11. Mwenye fleti ya likizo ndiye anaumia nayo kuliko wote.

Tangazo likisema ubaridi ni "bure", bure kwa mpangaji. Umo ndani ya ada ya huduma, anayelipa ni mmiliki.

#23 BahariNyeupe
Lakini jengo moja, ubaridi mmoja. Hauelezi tofauti ya bei.

#24 FundiKiyoyozi
Unaeleza kama ya bei rahisi ina malimbikizo.

#25 Mama_Hesabu
Malimbikizo ya ada ya huduma yanakamatwa kwenye NOC, kampuni haitoi cheti mpaka yalipwe. Kiwango cha jengo kinaonekana kwenye kipimo cha ada cha DLD, kwa futi kwa mwaka. Kama jengo ni dirhamu 16 kwa futi, futi 807 ni 12,912 kwa mwaka. Ili deni lifike 210,000 inabidi mtu asilipe miaka 16. Tuliache.

Gharama za kununua hiyo ya 1,190,000 ili mleta uzi asishtuke mbele:

ada ya kuhamisha DLD asilimia 4: 47,600
kamisheni asilimia 2 pamoja na VAT yake ya asilimia 5: 24,990
ofisi ya wadhamini wa usajili pamoja na VAT: 4,200
hati: 580

Jumla 77,370, bila NOC. Kwa dola bei yenyewe ni kama 324,000, dirhamu imefungwa 3.6725 kwa dola tangu 1997, kwa hiyo tetemeko la sarafu ni la upande wako tu.

#26 WakiliKivuli
Sahihisho dogo: ile asilimia 4 kwenye kanuni ya 2013 ni nusu kwa nusu, muuzaji na mnunuzi, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mazoea ya soko ni mnunuzi kubeba yote, na fomu zinakuja zimeshajazwa hivyo. Kwa muuzaji "mwenye haraka", hapo pana nafasi ya kuomba.

#27 Kibopa_wa_Mezani
Omba na chai kabisa.

#28 ShangaziWaJLT
Mbona hakuna aliyeuliza kama hiyo fleti iko kwenye kapu la hoteli? Kuna majengo yenye fleti za kawaida na fleti zilizofungwa kwa mkataba wa mwendeshaji wa hoteli. Za kapu la hoteli mmiliki ana siku zake chache kwa mwaka, tena si Desemba, mapato wanagawana, na samani akibadilisha anabadilisha kwa orodha yao. Ukubwa ule ule, jengo lile lile, bei tofauti kabisa. Omba mkataba wa uendeshaji, au barua ya muuzaji kwamba haupo.

#29 BahariNyeupe
#28 hiyo nzuri. Sasa tuna upande, mpangaji, rehani, roshani na hoteli. Bado kuungua.

#30 PwaniMpakaGhuba
Kuungua kupo. Mnara wa Torch pale pale Marina uliwaka Februari 2015 na tena Agosti 2017, moto ukapanda kwa nje. Jengo lenye kuta za nje za paneli za zamani ukinunua, uliza kama zimebadilishwa na nani alilipa. Michango maalumu ya ukarabati wa nje haimo kwenye kiwango cha kawaida cha ada ya huduma.

#31 Mama_Hesabu
Jengo moja wakuu. JENGO MOJA. Paneli ni za wote.

#32 PwaniMpakaGhuba
Mchango unaweza kuwa umelipwa na mmoja na mwingine bado 🙂

#33 Mzizi_Mkavu
Samahani kwa kutoka nje ya mada: kwa nini msinunue kwenye ramani tu, yaani nyumba ambayo bado haijakamilika kujengwa? Unalipa kidogo kidogo, hakuna mpangaji, hakuna Ejari.

#34 MkopoKwanza
Kwa sababu likizo haikaliwi kwenye ramani. Ila kwa anayeweza kusubiri: hakikisha mradi umesajiliwa, fedha ziende akaunti maalumu ya mradi chini ya sheria namba 8 ya 2007 na si akaunti ya ofisi, na jina lako liingie Oqood, rejista ya muda. Ikikamilika kuna dhamana ya mwaka 1 kwa mifumo ya umeme, maji na viyoyozi, na miaka 10 kwa muundo. Mwaka huo 1 kwa mtu wa likizo ni mfupi, ukija mara mbili umeisha. Lipa mkaguzi siku ya kukabidhiwa, atembee na orodha.

#35 Mzizi_Mkavu
Na ukitaka kuiuza kabla haijaisha?

#36 Dalali_Mstaafu
Kampuni inakataa NOC mpaka uwe umelipa sehemu waliyoandika kwenye mkataba. Soma kabla, si siku ya kuuza. Turudi kwenye mada.

#37 Msafiri_wa_Kusi
Nashukuru wote. Taarifa: nimemwomba dalali nakala ya hati, ramani ya ghorofa na jibu la maandishi kuhusu mpangaji. Hati imekuja, ndani mita 69, roshani 6. Ramani imekuja, inaangalia maji. Kuhusu mpangaji amejibu "we can discuss".

#38 Kibopa_wa_Mezani
😂😂😂

#39 Hatimiliki75
Naomba nisiseme kitu.

#40 BahariNyeupe
Maji yapi? Marina ina mfereji na ina bahari, ni bei mbili.

#41 ShangaziWaJLT
"Tujadili" inaweza pia kuwa hoteli. Au ndugu wa mwenye nyumba anakaa humo bila mkataba, hiyo nayo ipo. Asiye na Ejari hana kodi iliyosajiliwa, lakini mlango anaufunga yeye.

#42 WakiliKivuli
Kama mtasonga mbele, na mleta uzi hatasafiri kwenda kuhamisha: hati ya uwakala wa kisheria itajwe fleti kwa namba, ithibitishwe kwa mthibitishaji nyumbani kwako, wizara ya mambo ya nje ya huko, ubalozi wa Falme za Kiarabu, halafu wizara yao Dubai, na itafsiriwe Kiarabu na mfasiri wa kisheria aliyesajiliwa. Jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Usimpe dalali uwakala wa kupokea fedha. Na usifikirie kubeba noti, malipo taslimu ya 55,000 na kuendelea kwenye nyumba yanaripotiwa.

Urithi pia msiusahau. Asiye Mwislamu anaweza kusajili wosia DIFC, kile kituo cha fedha cha Dubai chenye mahakama zake, huduma ipo tangu 2015. Kwa Mwislamu mgawanyo ni wa sharia, kwa hiyo majina mawili kwenye hati tangu mwanzo au moja ni uamuzi wa kufanya kabla ya Fomu F.

#43 Msafiri_wa_Kusi
Kwa bei hii napata kibali cha ukaaji cha miaka 10?

#44 Mama_Hesabu
Hapana, hiyo inaanzia milioni 2. Na kwa wiki chache kwa mwaka huihitaji. Ukaaji wa kawaida nao unakufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Kibali unachokihitaji wewe ni cha nyumba ya likizo, kutoka Idara ya Uchumi na Utalii, kwa kila fleti. Wageni wasajiliwe, na kila usiku kuna dirhamu ya utalii, 10 au 15 kwa chumba kulingana na daraja.

#45 FundiKiyoyozi
Na mkiinunua msizime kiyoyozi Julai mkaondoka. Unyevu wa pale unapanda ukutani, godoro na kabati vinaota ukungu ndani ya wiki. Acha kwenye nyuzi 24 au 25, feni iwe otomatiki. Zima hita ya maji, funga valvu kuu. Matundu ya sakafuni bafuni yana mkunjo wa bomba unaoshika maji, ukikauka harufu ya jengo zima inaingia kwako. Mtu apite kila wiki 2 amwage maji lita moja kila tundu.

#46 PwaniMpakaGhuba
Mafuta ya kupikia kidogo juu ya hayo maji, yanachelewa kukauka.

#47 FundiKiyoyozi
Mafuta hapana, yanaganda na uchafu. Funika tundu kwa kifuniko cha mpira.

#48 Kibopa_wa_Mezani
Mpangaji akiwemo hamhitaji kumwaga maji. Anaoga mwenyewe.

#49 MkopoKwanza
#37, kwenye hati uliyotumiwa, chini panapoandikwa hali ya rehani pamejazwa nini?

#50 Msafiri_wa_Kusi
Hapo nakala imekatwa.